Ofisa, kadi za posta na jina lililokosekana

Leo tuongee kidogo juu ya foto za zamani. Zile ambazo mtu anatuma asubuhi, "Kongo ya wahenga," tunaweka moyo, tunapita. Nyingi kati yake zilipigwa au kukusanywa na watu wa jeshi.

Chukua Armand Hutereau, ofisa Mbelgiji. Kati ya 1911 na 1913 alizunguka Uele, kwa jirani zetu, akipiga foto, akikusanya maelfu ya vitu, hata kurekodi nyimbo kwenye mitungi ya nta. Mzigo ukaenda Tervuren, karibu na Bruxelles, na uko kule mpaka leo.

Lakini anayenisumbua zaidi ni Casimir Zagourski. Huyu ni Mpolandi aliyezaliwa 1883, aliyekuwa ofisa katika jeshi la Urusi ya wafalme. Mwaka 1924 akafika Léopoldville, Kinshasa ya leo, akafungua studio ya foto. Yeye hakufungia kazi yake sandukuni. Alisafiri mbali, akapiga Wambuti wa msitu wa Ituri, akapiga wanawake wa Mangbetu wenye vichwa vilivyofungwa kamba tangu utotoni ili virefuke. Kisha akazigeuza kadi za posta, zaidi ya 400, chini ya jina la Kifaransa lenye maana ya "Afrika inayotoweka". Wazungu walizinunua wakatuma kwao. Leo wakusanyaji wanazigombania mnadani.

Tuseme kweli: ni foto nzuri. Mimi nilikaa na ile ya mama mmoja wa Mangbetu karibu saa nzima. Shida iko kwenye maandishi. Pameandikwa namba, kabila, jina la Zagourski. La yule mama, hapana. (Labda ni tabia ya kijeshi, kuhesabu kila kitu.)

Na ni Afrika gani hiyo iliyokuwa inatoweka? Miaka ileile kampuni ya dhahabu ya Kilo-Moto, iliyoundwa 1926, ilikuwa inapeleka vijana machimboni, hapahapa kwetu Djugu. Kijana mwenye sururu hafai kwenye kadi ya namna hiyo. Mwindaji mwenye upinde, huyo anafaa.

Kwetu Fataki tulikuwa na albamu. Bibi aliijua yote, anaweka kidole anataja: huyu fulani, mtoto wa fulani. Halafu ikaja vita ya 1999 mpaka 2003, na tena kuanzia mwisho wa 2017. Nyumba ikiungua, mtu anatoka na mtoto na sufuria, albamu inabaki ndani. Njo maana inaniuma: foto za watu tuliowajua kwa majina zimekuwa majivu, na zile za watu wasio na majina ziko salama mu makabati ya Ulaya.

Juzi nilimwonyesha shangazi, anayekaa Bunia tangu tulipokimbia, ile kadi kwenye simu. Kabila hakuuliza. Aliuliza: "Huyu ni Mama Nani?"

Nikakosa jibu. Akafungua pochi yake, akatoa foto moja iliyokunjika: wasichana watano, siku ya ubatizo, Fataki. Nikachukua biki, tukaanza kuandika nyuma. Majina manne tumepata. Yule wa kushoto, mwenye gauni ya madoadoa, shangazi bado anapiga simu.