Kura ya Asiyekuwapo katika Uchaguzi wa Wilaya za Shule Marekani

Kupiga kura bila kufika kituoni kulienea Marekani wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, 1861–1865, majimbo kadhaa yaliporuhusu askari kupiga kura wakiwa vitani. Raia wa kawaida walisubiri miongo mingi zaidi.

Katika jimbo la New York, wapiga kura wa wilaya ya shule huchagua wajumbe wa bodi na kuamua bajeti Jumanne ya tatu ya Mei. Kwa muda mrefu aliyetaka karatasi ya kura nyumbani alipaswa kutaja sababu: ugonjwa, ulemavu, kazi, masomo au likizo nje ya kaunti. Maombi ya posta yalitakiwa kumfikia karani siku 7 kabla ya uchaguzi. Sharti hilo lilimwelemea mno mzazi mwenye zamu ndefu kazini.

Janga la UVIKO-19 lilivunja utaratibu huo. Uchaguzi wa 2020 uliahirishwa hadi Juni, ukafanywa kwa posta pekee, na karatasi zikatumwa kwa wapiga kura bila kuombwa. Tangu 2024 sheria inaruhusu kura ya mapema kwa posta bila kutaja sababu, uchaguzi wa shule ukiwemo. Ni marekebisho ya haki yaliyochelewa.