Kipande cha mbao mu mfuko: historia ya Palm Pilot, kwa wale wanaoandika programu

Siku hizi kila finalisti wa informatiki anataka TFC yake ikuwe aplikasio. Ni vizuri. Lakini muulize: mtu akiwa na haraka, mu soko, mkono moja umeshika mfuko wa unga, atafinya mara ngapi mbele ya kupata kile anachotafuta? Atakuonyesha marangi, atakuonyesha logo. Hesabu ya kufinya hana. Njo maana leo nataka tuongee juu ya kifaa kimoja ambacho kimekwisha kufa, na wengi kati yenu hamukukigusa hata siku moja. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na naona historia ya kile kifaa inafundisha kuliko video mingi tunazozifuata usiku mega zikiwa za bei ndogo.

Tuanzie mwaka 1993. Kampuni ya Apple inatoa kifaa cha kushika mkononi, jina lake Newton. Bei: karibu dolari 700. Mkubwa wa Apple wakati ule, John Sculley, alikuwa ameshatangaza mwaka moja mbele ya hapo kwamba kutakuja aina mpya ya mashini, msaidizi wa mtu binafsi, atakayekaa mu mkono wako. Na ahadi yenyewe ilikuwa kubwa sana: andika kwa kalamu juu ya ekra, mwandiko wako wowote, mubaya ao muzuri, mashini itausoma. Mtu asibadilike. Mashini njo itajifunza mtu.

Haikuweza. Unaandika neno hili, inakupa neno lingine lisilo na maana. Magazeti ya Marekani yalicheka, mchoraji wa katuni ya Doonesbury alicheka, kisha hata filamu ya katuni The Simpsons ikacheka mwaka 1994. Matoleo ya Newton ya nyuma yalisoma mwandiko vizuri zaidi, tuseme haki. Lakini jina lilikuwa limeshaharibika, na mwaka 1998, Steve Jobs akiwa amerudi Apple, Newton ikafungwa.

Huku pembeni kulikuwa na injinieri anaitwa Jeff Hawkins. Huyu alikuwa ameshatengeneza mwaka 1989 kompyuta ya kuandikia kwa kalamu, GRiDPad, ya watu wa kazi za ofisi na za depo. Mwaka 1992 akaanzisha kampuni yake, Palm. Kifaa chao cha kwanza, Zoomer, walichokifanya pamoja na makampuni mengine, kilitoka 1993 na kikaanguka kama Newton: kizito, cha polepole, na mwandiko haukusomeka. Wengine wangefunga duka. Hawa wakaenda kuuliza watu waliokinunua. Na jibu lilikuwa la kushangaza: mtu hakutafuta kompyuta ndogo ya kuweka pa nafasi ya kompyuta kubwa. Kompyuta tayari anayo. Kitu alichotaka kubadilisha ni kile kikaratasi, kile kijitabu cha namba za telefone na cha marandevu. Mshindani alikuwa karatasi. Na karatasi ni mshindani mgumu: haina kuwaka, haingoji, haimalizi moto.

Hapo njo Hawkins alifanya kitu ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii. Alikata kipande cha mbao, kipimo cha kuingia mu mfuko wa shati. Akatengeneza kijiti kuwa kalamu. Akazunguka nacho. Mtu akimwuliza kama yuko huru siku fulani, anatoa mbao yake, anagongagonga juu yake kama vile anaangalia kalenda, anairudisha mfukoni. Alibandika na karatasi zenye picha za ekra ili aone buto zikae wapi. Watu walimwona kama kichaa kidogo. Lakini mbele ya kuandika mstari moja wa programu, alikuwa ameshajua kipimo ambacho mtu atabeba bila kuchoka, na vitu ambavyo mtu anavihitaji kweli mara mingi kwa siku. Vilikuwa vinne: kalenda, majina na namba, kazi za kufanya, na maandishi mafupi. Vile vinne vikapewa buto nne za kweli kule chini. Unafinya buto moja, kifaa kinawaka na kinafunguka palepale pa kalenda. Siyo kuwasha kwanza, kungoja, kisha kutafuta. Ile mbao leo iko katika Computer History Museum, kule Mountain View, California.

Sasa mwandiko. Hapa njo kuna fundisho lenyewe, na watu wa informatiki hawalipendi. Hawkins alikuwa mtu wa kupenda sana elimu ya ubongo, aliacha hata kazi miaka ya 80 kwenda kuisoma Berkeley. Akasema hivi: ubongo wa mtu unajifunza haraka kuliko mashini. Kwa nini tunalazimisha mashini ya 1994 isome mwandiko wa kila mtu, wakati mtu anaweza kujifunza namna moja rahisi ya kuandika? Akatengeneza Graffiti. Kila herufi ni mstari moja tu, bila kuinua kalamu, isipokuwa chache. Herufi A inaandikwa bila kile kimstari cha katikati, inabaki kama V iliyopinduliwa. T haina msalaba, inakuwa mstari unaokwenda kuume kisha unashuka. Nafasi kati ya maneno ni kuvuta kalamu kuelekea kuume; kufuta ni kuivuta kuelekea kushoto. Herufi zote unaziandika pahali pamoja, moja juu ya ingine, mu kisanduku kidogo chini ya ekra. Karibu herufi zote zinafanana na zile tulizofundishwa ku shule. Mtu aliweza kuzijua kwa muda mfupi, hata kabla chai haijapoa.

(Lazima tuseme pia: wazo la herufi za mstari moja lilikuwa limetoka mu laboratori ya Xerox, PARC, ambako David Goldberg alikuwa amefanya kazi yake ya Unistrokes. Xerox ikapeleka Palm mahakamani mwaka 1997, na mambo yakamalizika 2006 tu, Xerox ikilipwa dolari milioni 22 na nusu. Wanaosema historia ya teknolojia ni historia ya watu wenye akili peke yao, wasahau. Ni historia ya mabilanga pia, na ya wanasheria.)

Pilot ya kwanza ilitoka mwaka 1996. Ile ya bei ndogo ilikuwa dolari 299. Ekra yake ilikuwa nukta 160 kwa 160, bila rangi. Memori: kilobaiti 128. Fikiria picha moja tu ya telefone yako ya leo, ya mega tatu: haingeingia, hata ungezipanga zile Pilot 20 pamoja. Lakini kile kifaa kilikuwa haraka. Kwa nini? Juu mtu aliyechora namna ya kukitumia, Rob Haitani, alikuwa anahesabu kufinya. Kitu unachofanya kila siku kiwe kufinya kumoja. Kitu unachofanya mara moja kwa mwezi kinaweza kufichwa. Angalia mfano huu: mu kitabu cha majina, buto ya «mpya» ilikuwa inaonekana wazi, lakini «futa» ilikuwa imefichwa ndani ya meni. Mtu anaongeza majina mingi, anafuta machache. Sisi tunaviweka vyote viwili kando kwa kando, ukubwa sawa, juu inapendeza macho. Na hakukuwa na «hifadhi». Ulichoandika kimekwisha kukaa. Ukitaka kupeleka vyote ku kompyuta yako, unaweka kifaa juu ya kigoda chake, unafinya buto moja, inaisha.

Watu walinunua zaidi ya milioni moja kwa muda wa mwaka na nusu hivi. Hakuna aliyetegemea.

Na moto ulitoka wapi? Mapile mawili madogo, yale ya AAA unayonunua ku butike. Yalishika majuma mingi. Kwa sisi wa hapa Lubumbashi, hii sehemu ya historia siyo ndogo. Mwaka 1999 Palm ikatoa Palm V. Nyembamba, nzuri, ya chuma. Ili ikuwe nyembamba hivyo, mapile yaliondolewa, ikawekwa batri ya litiamu ndani, na mwili wake ukafungwa kwa gundi. Ukitaka kubadilisha batri, wewe mwenyewe huwezi. Bana ba mtaa wanaotengeneza telefone kwa kuchoma gundi kwa hewa ya moto wanajua vizuri ninasema nini. Ile tabia ya kufunga batri kwa gundi imekuwa sheria ya karibu telefone zote za leo.

Kisha rangi zikaja, na ekra kubwa. Tarehe 9 Januari 2007 Steve Jobs akaonyesha iPhone, akacheka kalamu ya ekra, akasema kidole kinatosha. Alikuwa na haki juu ya kidole. iPhone ya kwanza ilikuwa na memori ya megabaiti 128, maana yake mara elfu moja na zaidi ya ile Pilot ndogo. (Lakini kukopi neno na kulibandika pahali pengine, kitu ambacho Pilot ilifanya tangu 1996, iPhone ilikijua mwaka 2009 tu. Elfu moja mara memori!) Na ilihitaji kuchaji karibu kila siku.

Batri za namna ile, tangu Sony ilipoanza kuziuza mwaka 1991, zilitaka kobalti. Na kobalti, tunajua iko wapi. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Mtaa wa Kasulo, kule Kolwezi, tangu mwaka 2014 watu walichimba mpaka ndani ya lupango zao, chini ya vyumba wanavyolala. Sisemi kwamba mtu aliyechora ekra ya rangi alimtuma mtu kushuka ndani ya shimo. Tangu hapo magari ya umeme yameingia, na hesabu imekuwa kubwa kuliko telefone. Ninasema kwamba kila uamuzi wa mtu wa programu, ekra iwake muda gani, picha zicheze ao zisicheze, programu ifanye kazi nyuma hata kama hakuna anayeitazama, ni uamuzi juu ya moto wa batri, na batri inachoka, na batri ingine inatoka pahali fulani. Wasomi wa Katanga hatuwezi kufanya kama vile hatujui ni pahali gani.

Mwisho wa Palm nausema haraka. Waanzilishi walitoka 1998, wakafanya Handspring, wakatoa Treo, telefone na kalenda mu kifaa kimoja, kisha wakarudi ndani. Mwaka 2009 wakajaribu tena na webOS, ambamo kila programu ni kadi unayoirusha juu kwa kidole ili kuifunga. HP ikawanunua 2010 kwa dolari bilioni moja na milioni mia mbili, na mu mwezi wa nane 2011 ikaacha vifaa vyote. Yule aliyeongoza uchoraji wa zile kadi, Matias Duarte, alikwenda Android. Ukifunga programu kwa telefone yako leo kwa kuirusha juu, unacheza ngoma ya watu waliofukuzwa ku kazi.

Sasa tufike kwetu. Tangu 2012, M-Pesa iliingia Kongo, na watu wetu wakajifunza kutuma makuta kwa nyota, namba na diezi. Vijana wanaicheka ile meni ya maandishi, wanasema ni ya zamani. Mimi naona ndani yake roho ya ile mbao: mambo machache, namba moja kwa kila jambo, haitaki mega, inaingia ndani ya telefone ndogo ya mama muuza samaki, batri yake inashika siku tatu hata kuran ikienda. Ubaya wake ni kwamba inakukata katikati kama unachelewa kufinya. Wazo lenyewe halina kosa. Hilo ni tatizo la kutengeneza, na mtu anaweza kulitengeneza.

Na ile ahadi ya Newton imerudi. Ongea tu, mashini itakuelewa. Kwa Kiingereza na Kifaransa imekwisha kuelewa, siwezi kukataa. Kwa Kiswahili cha vitabu inaanza. Lakini mtu wa Kenya ao wa Katuba anapoanza sentensi mu Kiswahili, anaimaliza mu Kifaransa, anaweka Kibemba katikati, nani ameifundisha mashini kusikia hivyo? Kama hakuna, basi njo sisi tena tutakaojifunza lugha ya mashini, na safari hii haitakuwa herufi 26 za kujua mbele ya chai kupoa. Itakuwa kubadilisha namna tunavyoongea ili tusikilizwe. Newton ilicheza na mwandiko wa mtu. Hii inacheza na kinywa chake.

Kuna wenzetu wa iniversite wameanza kukusanya sauti za watu wa mitaa kwa kazi hii. Ni kazi ya polepole, haina marangi, na kwa TFC haipendezi kuonyesha mbele ya juri. Wanatafuta watu wa kuwasaidia kuandika kile ambacho kila sauti inasema, neno kwa neno, bila kuisahihisha.