UNAFUGA SAMAKI WA CHINI? ANZA NA MCHANGA

Leo naongea na wenye tangi la samaki wa mapambo nyumbani, na wale wanaojipanga kununua. Wengi wetu tunachagua samaki kwanza, halafu cha kutandika chini tunachukua chochote chenye rangi nzuri. Mimi nilifanya hivyohivyo, na samaki ndio walioumia.

Nilikuwa na Corydoras sita, wale kambale wadogo wa Amerika ya Kusini. Chini nilimwaga kokoto za bluu zenye kingo kali. Baada ya miezi miwili sharubu zao zilikuwa zimeliwa, midomo imekuwa myekundu, na wawili wakafa.

KWA NINI WANAUMIA
Kambale huyu anatumia sharubu kutafuta na kuonja chakula. Anazamisha mdomo kwenye mchanga, anachota, chakula anameza na mchanga unatokea kwenye matamvua. Kwenye kokoto kazi hiyo haiwezekani. Tena chakula kinadumbukia katikati ya mawe, kinaoza, bakteria wanajaa, na yeye anaburuza mdomo hapohapo kutwa. Kwa hiyo maadui ni wawili: kingo kali na uchafu. Hata mchanga laini, usiposafishwa, utawamaliza tu.

JINSI YA KUCHAGUA
1. Chembe ziwe ndogo, kama milimita 1 au chini yake. Ila usichukue vumbi kama unga, litachafua maji na kushikamana.
2. Chembe ziwe za mviringo. Sugua mchanga kwenye kiganja, ukikukwaruza achana nao. Mchanga wa mto umesuguliwa na maji muda mrefu, kwa hiyo mara nyingi ni laini. Ule unaotokana na kusaga mawe una kingo.
3. Dondoshea siki. Ukitoa mapovu una chokaa, labda ya makombe au matumbawe. Chokaa inaongeza ugumu wa maji na kupandisha pH, wakati Corydoras wengi kwao ni maji laini. Ndio maana mchanga wa baharini sio wa kwao.

WA TANGANYIKA JE?
Hapa jibu la siki linageuka. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na pH yake inakaribia 9, kwa hiyo chokaa kwa samaki wa huko haina neno. Yupo mmoja anaitwa Neolamprologus multifasciatus, mdogo kweli, kufika sentimita 5 ni shida. Anaishi ndani ya makombe matupu ya konokono, na mchanga anauchimba kwa mdomo mpaka kombe lizame anavyotaka yeye. Ukimwekea kokoto umemnyima nyumba. Huyu mwekee mchanga wa sentimita 5 hivi, na makombe ya kutosha juu yake.

KIASI NA KUOSHA
Kwa Corydoras sentimita 3 zinatosha. Tangi lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30 litataka lita 5.4 za mchanga, yaani kama kilo 8 au 9. Chekecha, halafu osha kidogokidogo kwenye ndoo: koroga, mwaga, rudia mpaka maji yatoke maangavu. Sabuni marufuku! Wakati wa kumwaga tangini zima pampu, chembe zisije zikaingia kwenye filta.

Kila wiki nyonya uchafu kwa mpira ukiushika juu kidogo ya mchanga. Koroga pia kwa kidole taratibu. Mchanga mwingi usioguswa unakosa oksijeni chini, na unaweza kutengeneza gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu kwa samaki.

KAMA SAMAKI WAMESHAINGIA
Usitoe kokoto zote kwa mkupuo. Bakteria wazuri wanaosafisha maji wanaishi humo pia. Toa sehemu kila wiki, na katika kipindi hicho filta usiioshe. Mimi nilimaliza kwa wiki nne.

Sharubu za kambale wangu watatu zimeanza kuota tena. Za wa nne zilikuwa zimeisha mpaka kwenye shina, hazijarudi. Anakula, lakini anachelewa kukiona chakula, inabidi nimdondoshee karibu yake.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama wiki hii una hela ya kitu kimoja tu, nunua mchanga. Samaki atakusubiri dukani.

Wewe umetandika nini chini? Maoni ruksa.