Ijue leza ya gesi inayosukumwa na elektroni

Desemba 5, 2022, maabara ya NIF huko California, Marekani, ilipiga kwa leza kidonge cha haidrojeni. Ziliingia megajuli 2.05, zikatoka 3.15. Habari njema, ila leza ile ni ya vioo. Ikipiga mara moja, vioo vinapata moto na lazima visubiri saa kadhaa vipoe. Mtambo wa umeme utataka mapigo kama matano kila sekunde!

Ndiyo maana wengine wakageukia gesi.

Inafanyaje kazi?
Chumba kinajazwa agoni, kriptoni na florini kidogo. Pembeni, umeme wa volti laki kadhaa unafyatua elektroni hadi ndani ya gesi. Kriptoni na florini zinashikana kidogo tu, zikiachana zinatoa mwanga usioonekana kwa macho. Mwale dhaifu wa leza ukipita humo, unatoka na nguvu. Gesi ikichemka, inazungushwa na kupozwa.

Shida iko wapi?
Elektroni zinatoka kwenye chumba kisicho na hewa. Kati yake na gesi kuna karatasi nyembamba ya chuma. Zikiipenya, inapata moto. Ikitoboka, kazi imesimama.

Wamefika wapi?
Maabara ya Jeshi la Majini la Marekani, Washington, ilijenga leza iitwayo Electra. Ilipiga mara 5 kwa sekunde, lakini kila pigo ni juli mia kadhaa tu. Kuwasha kidonge kunahitaji zaidi ya mara elfu ya hapo. Kasi ipo, nguvu bado.