Majengo ya serikali na kambi za jeshi Nairobi: Mwananchi aweza kuzuru wapi?

NAIROBI ni jiji ambamo afisi za serikali, kambi za wanajeshi na kumbukumbu za vita zimekaribiana mno na makazi ya raia. Abiria wa matatu atokaye Langata hupita kando ya kambi ya jeshi, bustani ya Uhuru na uwanja wa ndege wa Wilson kabla ya kufika mjini. Hata hivyo, si kila lango alionalo limefunguliwa kwake.

Bunge limefunguliwa. Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 chaagiza vikao vyake viwe wazi kwa umma, na Spika aweza kuwazuia watu pale tu penye sababu za kipekee. Mgeni hukaguliwa langoni, kisha huketi kimya katika roshani ya wageni. Mnamo Juni 25, 2024, waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia kwa nguvu, sehemu ya jengo ikateketezwa na baadhi yao wakauawa kwa risasi. Kifungu hicho hakikufutwa siku hiyo.

Ikulu, iliyojengwa enzi ya ukoloni kuwa makao ya gavana, si mahali pa matembezi. Sheria ya Maeneo ya Ulinzi, Sura ya 204, yamkataza mtu kuingia bila idhini mahali palipotangazwa kuwa pa ulinzi. Penye bango la onyo au askari mwenye bunduki, ni busara kuirudisha simu mfukoni, hata kama nia ilikuwa kupiga picha ya jacaranda.

Ukali huo una historia. Agosti 1, 1982, wanajeshi wa angani walijaribu kupindua serikali, wakaiteka redio ya Sauti ya Kenya kwa saa chache. Jaribio hilo lilizimwa na kikosi chao kikavunjwa. Kambi ya Eastleigh baadaye ikapewa jina la Rais Moi, aliyenusurika. Halafu Agosti 7, 1998, bomu lilivunja ubalozi wa Marekani na kuua watu 213 jijini. Ubalozi ulihamia Gigiri, na mahali ulipokuwa, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, pana bustani ya ukumbusho yenye majina ya waliofariki.

Katika bustani ya Uhuru, barabara ya Langata, ndipo bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963.

Anayetaka kuwaelewa wanajeshi wenyewe aende barabara ya Ngong, kwenye makaburi ya Vita Vikuu vya Pili. Hapo mawe mengi yana jina, cheo na kikosi. Kisha arudi Kenyatta Avenue aitazame sanamu ya Askari, yenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Miongoni mwa watu wa shaba waliosimama hapo yumo mpagazi. Maelfu ya wenzake walikufa kwa njaa na maradhi katika vita vya 1914-1918, wakibeba chakula na risasi za Waingereza, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, Wanairobi walilitamka Kariakor, nalo lingali jina la mtaa na soko.