Behewa la Mtoto Linapoingia Karakana

Wapo watu hapa Connecticut ambao wakisikia nimelikata kwa msumeno behewa la American Flyer la miaka ya 1950, hunitazama kana kwamba nimechinja kuku wa jirani. Siwalaumu. Lakini kazi hii ya kuchukua behewa la kuchezea na kuligeuza mfano wa kweli wa behewa la mizigo si ya jana, na aliyeifungulia mlango ni mwenye kiwanda mwenyewe.

Alfred Carlton Gilbert hakuanzia kwenye treni. Mwaka 1908 alitwaa dhahabu ya kuruka kwa upondo katika Olimpiki ya London, akigawana ushindi na Mmarekani mwenzake. Mwaka 1913 akaanza kuuza Erector, vile vyuma vyenye matundu ambavyo watoto huviunga kwa skrubu na nati. American Flyer, iliyokuwa Chicago, aliipata 1938 na kuihamishia kwake New Haven. Majengo ya kiwanda yangalipo, yanaitwa Erector Square, na siku hizi wachoraji na wachongaji wamepanga humo.

Treni za kuchezea za wakati ule zilijaa uongo. Lionel, mpinzani wake mkubwa, alizipitisha zake juu ya reli tatu, ile ya katikati ikileta umeme. Mimi nimestaafu ufundi wa mabehewa katika TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na reli ya tatu katikati ya njia sikuwahi kuifanyia kazi hata siku moja. Gilbert alichagua kipimo cha 1:64, ambacho wajenzi wa mifano walikwisha kukizoea tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa vifaa vya Cleveland Model and Supply. Vita ilipokwisha, mwaka 1946, alirudi sokoni na reli mbili, upana wa njia ukiwa karibu milimita 22.5. Zidisha kwa 64, utajikuta jirani kabisa na milimita 1,435, upana wa reli halisi ya Marekani. Kwa mtoto hesabu hiyo haikuwa na maana yoyote. Kwa baba yake, aliyekuwa akijenga mabehewa ya mbao usiku kwa wembe na gundi, ilikuwa habari kubwa: dukani sasa kulikuwa na sanduku la plastiki la bei nafuu, la kipimo kilekile.

Ndiyo maana nasema sanduku halina kosa kubwa. Uongo uko chini yake, na kila uongo una sababu. Njia ya Flyer ilifunga duara la karibu mita moja, ili litoshe sebuleni. Likuzwe mara 64 uone: treni nzima inapinda kwenye kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 32 hivi. Hakuna dereva wa treni ya mizigo ambaye angekubali. Ili mabehewa yasivutane nje ya reli kwenye kona hiyo, Gilbert alifunga kiungo kwenye bogi, ile seti ya magurudumu inayozunguka chini ya behewa, kiwe kinageuka pamoja nayo, ilhali kwenye behewa la kweli kiungo hukaa kwenye fremu, maana huko ndiko nguvu ya mvuto inakopita. Ukingo wa gurudumu nao ukarefushwa kupita kiasi ili njia iliyotandazwa juu ya zulia isiangushe kitu, na sanduku likanyanyuliwa ili bogi zipate nafasi ya kuzunguka.

Kwa hiyo fundi huanzia chini. Anakata mkono wa kiungo cha zamani, anaweka bogi zenye magurudumu ya ukingo mfupi, anashusha sanduku, kisha anafunga chini ya sakafu kiungo cha Kadee, kampuni ya Oregon ambayo viungo vyake hujishika vyenyewe na kuachana kwa sumaku. Halafu breki: silinda, tangi la hewa, vali, mabomba ya waya. Gilbert hakuweka hata kimoja, maana nani angepindua behewa kutazama? Mimi napindua kwanza. Fundi wa mabehewa anayeanza kwa kusifu rangi simwamini.

Juu, kazi inahitaji subira tu. Ngazi zilizomiminwa pamoja na ukuta hukwanguliwa kwa kisu, matundu yakatobolewa na vishikio vya waya kupachikwa. Njia ya kutembelea juu ya paa, ile ya mfunga breki, hubadilishwa kwa nyembamba, au huondolewa kabisa kama unajenga behewa jipya la baada ya 1966, zilipoachwa kuwekwa.

Gilbert alifariki 1961, na mwaka 1967 kampuni ikafungwa. Jina la American Flyer likaangukia mikononi mwa Lionel yuleyule wa reli tatu. Tangu hapo kila sanduku la zamani lilianza kuhesabiwa, na ugomvi wa wakusanyaji na wakataji ukakolea. Msimamo wangu ni mwepesi: lililo zima na boksi lake simgusii mtu. Ila gondola, yaani behewa la wazi, namba 631 ya Texas & Pacific iliyokwanguka na kukatika ngazi, iliyotupwa katika kapu la makorokoro, hiyo ni malighafi.

Na ninayo moja mezani sasa, nataka kuigeuza behewa la TAZARA. Wapenzi wa reli za New Zealand na Queensland, zenye njia ya milimita 1,067, huweka mifano ya 1:64 juu ya njia ya milimita 16.5, ile ya treni ndogo za HO inayopatikana kila duka la mifano. TAZARA nayo ni 1,067. Bogi nimeshanunua. Ninachosubiri ni vipimo vya behewa la wazi, na mwenzangu mmoja aliyebaki Dar es Salaam ameahidi kwenda na futi kamba.