Watu Wanne, Miji Mitano na Kijiji Kinachoitwa Schengen

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Mchana nilikuwa nabanwa na kazi za chumba cha habari, usiku nilikuwa nahangaika na karatasi za safari. Safari hiyo ndiyo imenirudisha kwenye vitabu vya historia, na ndiyo nataka tuizungumze leo.

Tuko wanne. Tulisoma pamoja Mlimani, tukabanana kwenye chumba kimoja cha bweni, tukakopana hela ya kula mpaka siku ya kuvaa majoho. Leo mmoja yuko benki, mmoja anafundisha sekondari, mmoja ana duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo, na wa nne ni mimi, mwandishi ambaye mshahara wake mnaujua. Miaka miwili iliyopita, tukiwa Sinza tunakula chipsi mayai, yule wa duka akatoa wazo. Tuchange kila mwezi, halafu kabla hatujaoa twende Ulaya. Siyo mji mmoja, mitano: Amsterdam, Berlin, Paris, Venice na Roma. Wiki tatu, kwa treni. Akatoa daftari mfukoni, akajiteua mhazini. Hakuna aliyepinga, maana kati yetu yeye ndiye pekee anayejua kutunza hela.

Wiki iliyopita majibu ya viza yametoka. Watatu tumepata. Mhazini wetu amenyimwa.

Nitarudi kwenye hilo. Kwanza niwaulize: ni nani aliyeanza kutuambia kwamba kijana akimaliza chuo anatakiwa azunguke miji ya Ulaya na marafiki zake? Nilipoanza kufuatilia niligundua kuwa wazo hili lina umri mkubwa kuliko nilivyodhani, na kwamba swali la nani aende na nani abaki limekuwamo tangu mwanzo.

Walioanza ni watoto wa matajiri wa Uingereza. Kuanzia karne ya 17, kijana wa ukoo mkubwa akishamaliza masomo alitumwa ng'ambo kwa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Mwaka 1670 kilichapishwa kitabu cha padri mmoja, Richard Lassels, kuhusu safari ya Italia, na humo ndimo safari za namna hii zilipopewa jina la Grand Tour. Njia ilikuwa karibu ile ile kwa wote: Paris kujifunza Kifaransa, kucheza dansi na kupigana kwa upanga, kisha kuvuka milima ya Alps kwa shida, halafu Florence, Roma, Venice na Napoli. Ukiangalia orodha yetu ya Sinza, mitatu kati ya miji yetu mitano ni ya kwao. Sisi tulifikiri tumeichagua wenyewe!

Kijana hakwenda peke yake. Aliambatana na mwalimu wa kumwangalia asije akamaliza hela kwenye kamari. Mwalimu mmoja wa aina hiyo ni mtu ambaye waliosoma uchumi wanamfahamu vizuri, Adam Smith. Mwaka 1764 aliacha uprofesa wake Glasgow akamsindikiza kijana mmoja wa kikabaila, Duke wa Buccleuch, kwenda Ufaransa na Geneva. Malipo yake yalikuwa pauni 300 kwa mwaka, maisha yake yote. Basi mtu ungetegemea asifie safari hizo. Wapi! Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1776 aliziponda, akasema kijana anarudi na majivuno zaidi na uwezo mdogo zaidi wa kufanya kazi ya maana. Nilipomsomea mwenzetu wa benki maneno hayo alicheka, akasema Smith alisubiri kwanza posho ithibitishwe ndipo akakosoa.

Aliyeufungua mlango kwa watu wa kawaida kidogo ni fundi seremala wa Kiingereza aliyekuwa anachukia pombe. Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook alikodi treni kutoka Leicester kwenda Loughborough, akapakia watu kama 500 kwa shilingi moja kila mmoja, wakahudhurie mkutano wa kupinga ulevi. Mwaka 1855, Paris ilipokuwa na maonyesho makubwa ya dunia, aliongoza msafara wa kwanza wa bara: Antwerp, Brussels, Cologne, mto Rhine, Strasbourg, hadi Paris. Miji mingi, kundi moja, tiketi moja. Baadaye akaleta kuponi za kulipia hoteli, na mwaka 1874 hati za fedha ambazo msafiri aliweza kuzibadilisha mji baada ya mji bila kubeba furushi la dhahabu. Matajiri walikasirika kukuta makarani na walimu wa kike wakipiga foleni kwenye makumbusho "yao". Kampuni yake iliishi mpaka Septemba 2019 ilipofilisika, wateja laki kadhaa wakiwa bado likizoni.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema hiyo ni historia ya wazungu. Subiri kwanza.

Mwaka 1875, miaka 20 tu baada ya msafara ule wa Cook, kundi moja liliondoka Unguja likaenda kuzunguka miji ya Ulaya. Kiongozi wake alikuwa Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar. Miaka miwili nyuma alikuwa amesaini, kwa shinikizo la manowari za Waingereza, mkataba wa kufunga soko la watumwa, na sasa wenyeji hao hao wakamwalika. Akafika London, akakutana na Malkia Victoria katika ngome ya Windsor, akatembezwa kwenye miji ya viwanda kama Birmingham, Manchester na Liverpool, kisha akaenda Paris. Mmoja wa watu wa msafara, Zahir bin Said, aliandika habari za safari ile kwa Kiarabu na kitabu kikachapishwa London mwaka 1878. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Waswahili kuandika habari za safari za Ulaya tumeiga juzi, mwambie akasome.

Lakini kinachoniumiza katika habari ile ni mtu ambaye hakuwa kwenye msafara. Wakati Barghash yuko London, dada yake naye alikuwa amekuja mjini hapo hapo. Ni Sayyida Salme, aliyetoroka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete, na kuitwa Emily. Mume alikufa kwa ajali ya tramu Hamburg mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo. Bibi huyu alisafiri kutoka Ujerumani kwa tumaini la kupatana na kaka yake. Katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1886 anaeleza kuwa Sir Bartle Frere, yule yule aliyekuja Unguja kushughulikia ule mkataba wa 1873, alimtaka achague: kupatana na ndugu zake, au watoto wake wahakikishiwe maisha. Alichagua watoto, akaahidi kutomsogelea kaka yake. Ahadi aliyopewa baadaye ikayeyuka. Barghash akatembezwa, akapigiwa mizinga, akarudi nyumbani. Dada akarudi Ujerumani bila kuonana naye.

Hakuna mlango uliofungwa kwa komeo pale. Ilitosha watu wenye ofisi kuamua kwamba ndugu wawili walio katika mji mmoja wasionane.

Yuko na mwingine. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alikwenda na bwana wake Mjerumani hadi Petersburg na Moscow, wakaingia Siberia na kurudi kupitia nchi za Asia ya kati. Masimulizi yake ya Kiswahili yamo katika mkusanyiko uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Ukisoma unamwona Mswahili kwenye baridi kali akiwatazama wageni kwa jicho la mtafiti, wanakula nini, wanalala wapi, wanasali vipi. Mwenzetu mwalimu anasema kingekuwa kwenye mitaala ya sekondari. Namuunga mkono.

Sasa hizi pasi na viza zimetoka wapi? Wengi tunadhani zilikuwepo siku zote. Hapana. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 reli zilijaza watu wengi mpaka wakaguzi wakashindwa, na nchi nyingi za Ulaya magharibi zikaacha kudai pasi. Urusi na dola ya Waturuki ndizo zilizoendelea kukomaa. Mwandishi wa Austria, Stefan Zweig, alikumbuka kwamba kabla ya mwaka 1914 alisafiri hadi India na Marekani bila pasi. Vita Kuu ilipoanza kila serikali ikawaogopa wapelelezi, mipaka ikafungwa, pasi zikarudi "kwa muda". Vita ikaisha, pasi zikabaki. Oktoba 1920 Umoja wa Mataifa wa wakati ule uliitisha mkutano Paris, wakakubaliana kijitabu cha aina moja cha kurasa 32. Zweig mwenyewe alipoteza uraia Hitler alipoichukua Austria mwaka 1938, akaonja kupiga foleni kwenye madawati ya ofisi kuomba karatasi.

Vijana wa Ulaya walirudishiwa uhuru wao kidogo kidogo. Mwaka 1972 mashirika ya reli yalitoa tiketi iliyoitwa Interrail: una chini ya miaka 21, unalipa mara moja, unapanda treni mwezi mzima katika nchi 21. Ilikusudiwa iwe ya mwaka huo tu, lakini vijana waliipenda mno ikawa ya kudumu. Usiku walilala ndani ya treni kuokoa hela ya gesti, asubuhi wako mji mwingine. Sisi tusiokaa Ulaya tunauziwa dada yake, Eurail, iliyoanza mwaka 1959. Ndiyo tuliyopanga kununua.

Halafu kikaja hicho kijiji. Mwanzoni mwa 1984 madereva wa malori walichoshwa na foleni za forodha kwenye Alps, wakafunga barabara. Serikali zikashtuka. Tarehe 14 Juni 1985 wawakilishi wa nchi tano, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, walisaini makubaliano ndani ya meli ya Princesse Marie-Astrid kwenye mto Moselle, jirani na kijiji cha Schengen, pale Luxembourg inapokutana na Ujerumani na Ufaransa. Wakubwa wa nchi hawakwenda, waliwatuma mawaziri wadogo. Machi 1995 ukaguzi wa mipakani ukaondolewa kati ya nchi saba. Leo ni nchi 29.

Kwa Mzungu, Schengen ni habari ya mipaka kuondolewa. Kwetu ni kwamba mipaka yote ilikusanywa ikawekwa kwenye kaunta moja. Zamani ukinyimwa na nchi moja, ungeweza kwenda nyingine. Siku hizi karatasi moja inakufungulia miji yote mitano au inakufungia yote. Unaomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Unapeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, mahali pa kulala, na bima isiyopungua yuro 30,000. Ada imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Na hata mkiwa kundi, kila mtu anahukumiwa peke yake.

Mhazini wetu hana barua ya mwajiri. Amejiajiri mwenyewe. Hela zake zinazunguka kwenye simu na kwenye mzigo dukani, hazikai benki zikanenepa. Sababu waliyomwandikia ni kwamba kuna shaka kama atarudi nyumbani. Wasomaji, huyu jamaa ndiye pekee kati yetu ambaye ana kitu cha kurudia! Ana duka, ana vijana wawili aliowaajiri, ana kiwanja Chanika. Mimi nisiporudi, dawati langu litapata mtu kabla ya saa sita mchana.

Jumapili tulikutana pale pale Sinza. Alikuja na daftari. Akasoma hesabu yote, mwezi kwa mwezi, akasema fungu lake tusilirudishe, tuongezee kwenye treni, tumletee picha. Aliongea huku anatazama chini. Wa benki akasema tiketi za ndege zikiahirishwa zinakatwa faini. Mwalimu akanyamaza. Mimi, nikiri tu, kwa dakika nzima nilitamani sana kukubali. Nimeiota Roma tangu kidato cha pili.

Kisha nikamkumbuka yule bibi wa London mwaka 1875, aliyekuwa mji mmoja na kaka yake, halafu karatasi na ahadi za wakubwa zikawatenganisha. Nikasema mimi siendi mpaka ombi lake lisikilizwe tena. Sheria yao inampa haki ya kukata rufaa au kuomba upya, na mwenzetu wa benki anajua namna ya kupanga taarifa za fedha za mtu wa duka zikasomeka. Mwalimu akaafiki. Wa benki akahesabu ile faini mara mbili kwenye simu, akaguna, akasema sawa, lakini chipsi za siku hiyo analipa mhazini.

Tumeomba nafasi nyingine ya kupeleka karatasi. Safari imesogezwa mbele. Akikataliwa tena sijui tutasemaje, na sitaki kujifanya shujaa hapa. Viza yangu ina tarehe ya mwisho kama maziwa ya pakiti.

Waliowahi kuomba wakiwa wamejiajiri, niambieni mlipeleka karatasi gani. Daftari la mhazini liko tayari kuandika.